Mwongozo Kamili wa Kuchagua Vioo vya Pembeni na Indiketa za Baiskeli

Mwendesha baiskeli anayetaka kuhama upande au kukata kona katikati ya magari ana mambo mawili ya kutimiza kabla hajageuza usukani: ajue kilicho nyuma yake, kisha awajulishe walio nyuma yake anachokusudia kufanya. Kioo cha pembeni hutimiza la kwanza na indiketa hutimiza la pili, na mpangilio huo ndio ninaoutetea katika mwongozo huu. Ambaye fedha zake zinatosha kifaa kimoja tu na anunue kioo, kwa sababu ishara ya kukata kona inaweza kutolewa kwa mkono bila gharama yoyote, lakini hakuna kiungo cha mwili kinachomwezesha mtu kuona nyuma bila kuyaondoa macho mbele.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Baiskeli inayokwenda kilomita 18 kwa saa inasonga mita 5 kila sekunde. Ukigeuza kichwa kutazama nyuma kwa sekunde moja na nusu, umepita mita saba na nusu za barabara ambazo hukuziona, iwe zina shimo, changarawe au mtu anayevuka. Gari linalokuja kwa kilomita 54 kwa saa linasonga mita 15 kila sekunde, kwa hiyo linakukaribia kwa mita 10 kila sekunde, na likiwa mita 50 nyuma yako una sekunde tano tu za kuamua na kutenda. Kioo kizuri kinakuwezesha kuliona gari hilo mapema kwa mtupo mmoja wa jicho, na kinakuachia kazi ya kugeuza kichwa mara moja tu, mwishoni, kwa ajili ya kuhakikisha.

Hatua ya kwanza: pima baiskeli yako na mkao wako

Vioo na indiketa nyingi hurudishwa dukani, au hutupwa, kwa sababu hazikutoshea usukani. Kabla ya kununua chochote, chukua rula au kipimo cha vipenyo na uandike vipimo vitatu. Cha kwanza ni kipenyo cha nje cha usukani pale unaposhika: usukani ulionyooka kwa kawaida una milimita 22.2, na ule uliopindwa kuelekea chini wa baiskeli za mashindano una milimita 23.8. Cha pili ni kipenyo cha nje karibu na katikati, unapobanwa na shingo ya usukani, ambacho mara nyingi ni milimita 25.4 au 31.8. Cha tatu, ambacho watu wengi hukisahau, ni kipenyo cha ndani cha bomba mwishoni mwake, kwa kuwa vioo na taa nyingi huchomekwa humo. Kipimo hiki hubadilika kulingana na unene wa bomba, kwa hiyo usikikisie. Ondoa kizibo cha mwisho, pima, kisha ulinganishe na kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Angalia pia mpira wa kushikia. Ikiwa mwisho wake umefungwa, utalazimika kuukata kwa kisu kikali ili kifaa kiingie, na kama wenye baiskeli ni wawili ni vyema mkakubaliana kwanza. Kama baiskeli hubadilisha gia kwa kuzungusha mpini, hakikisha kwamba kifaa hakitaubana mpini huo usizunguke. Usukani wa nyuzi za kaboni unahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu kizibo kinachotanuka ndani ya bomba kinaweza kulipasua kikikazwa kupita kiasi. Kwa usukani wa aina hiyo napendelea kioo cha kufunga kwa mkanda wa mpira au kioo cha kwenye helmeti.

Baada ya vipimo, jitazame wewe mwenyewe. Mtu anayekaa wima huona nyuma yake kwa urahisi kupitia kioo cha kwenye usukani, lakini anayeinama sana huzibiwa na mkono wake na nyonga yake, na kioo kilekile kikamwonyesha suruali badala ya barabara. Mwombe mtu aishike baiskeli huku ukiwa umekaa kama unavyokaa ukiwa safarini, kisha shikilia kioo kidogo cha kawaida mahali unapofikiria kufunga kile utakachonunua. Fanya jaribio hili ukiwa umevaa koti na mkoba unaouvaa kila siku, na mzigo ukiwa kwenye keria.

Hatua ya pili: amua kioo kitakaa wapi

Upande wa kufunga kioo cha kwanza hauna mjadala. Kinawekwa upande ambao magari yanakupita: kulia katika nchi ambazo watu huendesha upande wa kushoto wa barabara, na kushoto katika nchi ambazo watu huendesha upande wa kulia. Kioo cha pili upande wa pili kina faida katika barabara zenye njia kadhaa na kwenye njia za baiskeli ambako wenzako wanaweza kukupita pande zote, lakini kinaongeza upana wa baiskeli na kinaweza kungoja.

Kuna mahali patatu panapotumika zaidi. Kioo cha kuchomeka mwishoni mwa usukani kipo nje kabisa, kwa hiyo hakizibwi na mkono, na hakichukui nafasi ya breki wala kengele. Udhaifu wake ni kwamba kinakuwa sehemu ya kwanza kugusa ukuta, mlango au ardhi. Kioo cha kubana juu ya usukani, chenye mkono wa kukishikilia ulio mrefu kidogo, ni rahisi kukirekebisha na kinamfaa anayekaa wima. Ila kadiri mkono wake unavyokuwa mrefu ndivyo kinavyotikisika. Kioo cha tatu hubandikwa kwenye helmeti au kwenye fremu ya miwani, karibu kabisa na jicho.

Hiki cha tatu hudharauliwa kwa udogo wake, na ningependa kukitetea kwa hesabu. Upana wa eneo unaloliona kupitia kioo bapa hautegemei ukubwa wa kioo peke yake, bali ukubwa huo ukilinganishwa na umbali wake kutoka kwenye jicho. Kioo bapa chenye upana wa milimita 75 kilicho kwenye usukani, sentimita 70 kutoka kwenye jicho, kinakuonyesha pembe ya takriban nyuzi 6, ambayo mita 20 nyuma yako ni ukanda wa barabara wenye upana wa kama mita 2 tu. Kioo bapa cha milimita 30 kilicho sentimita 10 kutoka kwenye jicho kinakuonyesha nyuzi 17 hivi, yaani karibu mara tatu zaidi. Isitoshe, kinafuata kichwa, kwa hiyo ukigeuza shingo kidogo unaifagia barabara yote ya nyuma. Gharama yake ni muda wa kujifunza: siku za mwanzo jicho huhangaika kukitafuta, na wapo wasiokizoea kamwe. Anayekichagua ahakikishe kwamba mkono wake unaachia au unakunjika kirahisi unapogongwa, kwa sababu hakuna anayetaka kijiti kigumu karibu na jicho siku anapoanguka.

Hatua ya tatu: kioo bapa au kioo mbinuko

Hapa ndipo uamuzi mzito ulipo, na ndipo wauzaji wengi huwa hawana maelezo. Kioo bapa huonyesha vitu kwa ukubwa na umbali wake halisi, lakini huonyesha eneo jembamba. Kioo mbinuko, yaani kilichotokeza kuelekea kwako, huonyesha eneo pana, lakini hupunguza ukubwa wa kila kitu, na akili ya mwanadamu hutafsiri kilicho kidogo kuwa kipo mbali. Gari ambalo kioo kinakuambia liko mbali huenda tayari liko kwenye gurudumu lako la nyuma.

Kiasi cha mbinuko hupimwa kwa nusu kipenyo cha tufe ambalo kioo ni kipande chake. Nusu kipenyo kikubwa maana yake ni kioo kilichokaribia kuwa bapa. Nusu kipenyo kidogo maana yake ni kioo kilichovimba sana. Chukua tena kioo cha milimita 75 kilicho sentimita 70 kutoka kwenye jicho. Kikiwa na nusu kipenyo cha milimita 1,200, pembe unayoiona inapanuka kutoka nyuzi 6 hadi nyuzi 13 hivi, na gari lililo mita 10 nyuma linaonekana kwa karibu nusu ya ukubwa ambao kioo bapa kingekuonyesha. Kikiwa na nusu kipenyo cha milimita 600, pembe inafika nyuzi 20, lakini gari lilelile linaonekana kwa takriban theluthi moja tu. Vioo vidogo vya mviringo vilivyovimba zaidi ya hapo huonyesha karibu kila kitu na hakuna kinachotambulika. Unaona kwamba kuna kitu, hujui kama ni lori au mti.

Kwa kuwa pakiti nyingi hazitaji nusu kipenyo, kipimo cha dukani kinaweza kufanywa kwa macho. Nenda na kioo bapa cha kawaida, nyoosha mkono ukiwa umevishika vioo vyote viwili kwa pamoja, na umtazame mtu aliyesimama hatua kumi na mbili au zaidi nyuma yako. Ikiwa kwenye kioo mbinuko mtu huyo anaonekana kwa nusu ya ukubwa au zaidi, kioo hicho kinafaa kuwa kioo chako kikuu. Ikiwa hafiki hata theluthi, kiache, au kifanye cha pili cha kusaidia tu.

Maoni yangu ni kwamba kwa kioo cha kwenye usukani, mbinuko wa kiasi ndio unaofaa wengi, kwa sababu kioo bapa cha ukubwa unaobebeka kwenye baiskeli huacha sehemu kubwa mno ya barabara bila kuonekana, na usukani ukigeuka kidogo tu huwa kinaangalia kwingine kabisa. Kwa kioo cha kwenye helmeti au miwani, chagua bapa bila kusita. Kuna sababu nyingine inayowahusu hasa waliovuka umri wa miaka arubaini na kitu, ambao macho yao yameanza kushindwa kulenga vitu vya karibu: taswira ndani ya kioo bapa iko mbali sawa na kitu chenyewe, hivyo jicho linalotazama barabara halilazimiki kujirekebisha, ilhali taswira ndani ya kioo mbinuko kwa kawaida haifiki hata mita moja nyuma ya uso wa kioo. Mtu anayelalamika kwamba kila kioo cha baiskeli kina ukungu huenda tatizo lake ni hilo, na kioo bapa kitalimaliza.

Jaribio la mwisho kabla ya kulipa ni kutazama nguzo au fremu ya mlango kupitia kioo huku ukikisogeza polepole. Mstari ukipinda taratibu kuelekea pembezoni, huo ni mbinuko wa kawaida. Mstari ukicheza kama mawimbi, kioo kimetengenezwa vibaya na hakuna marekebisho yatakayokisaidia.

Uso wa kioo, mkono wake na mtikisiko

Kioo cha kweli huhimili mikwaruzo na hubaki angavu kwa miaka, lakini huvunjika kikianguka. Cha plastiki ni chepesi na hakitoi vipande vikali, ila hukwaruzika kila kinapofutwa kikiwa na vumbi. Mimi hukipendelea kwa kioo cha mwishoni mwa usukani kwa sababu ndicho kinachogongwa. Chuma cha pua kilichong'arishwa hakivunjiki, ingawa taswira yake ni hafifu zaidi.

Mkono mfupi na mnene ni bora kuliko mrefu na mwembamba. Shika usukani wa baiskeli ya maonyesho yenye kioo unachokifikiria na ukigonge kwa kidole: mtetemo ukiendelea kwa muda, barabara mbovu itakuonyesha ukungu mtupu. Kiungo cha mviringo kinachokiwezesha kioo kugeuka pande zote kiwe na skrubu ya kukazia, maana kiungo kinachotegemea ugumu wake pekee hulegea baada ya miezi, na kioo kinachoinama chenyewe katikati ya safari ni hatari kuliko kutokuwa nacho.

Hatua ya nne: kukifunga na kukielekeza

Safisha bomba la usukani, futa grisi yote, chomeka au bana kifaa, kisha kaza skrubu kidogo kidogo kwa spana ya pembe sita hadi kisizunguke unapokisukuma kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Usikaze kwa nguvu zako zote. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili na uhakikishe kwamba kioo hakigusi goti lako, bomba la fremu wala waya wa breki.

Kukielekeza kunahitaji ukae kwenye baiskeli katika mkao wako wa kawaida. Ukingo wa ndani wa kioo uonyeshe kipande chembamba cha bega au mkono wako, kwa sababu bila alama hiyo huwezi kujua unachokiona kiko upande gani wa baiskeli. Mstari ambapo barabara hukutana na anga uwe katikati ya kioo au juu kidogo ya katikati. Wengi hukielekeza chini mno na kuishia kutazama lami iliyo karibu. Wenye usukani uliopindwa wakielekeze kwa mkao wanaoutumia katikati ya magari, si ule wa kuinama wa barabara tupu.

Sasa tafuta eneo lisiloonekana. Mwombe mwenzako aanze mita 30 nyuma yako na atembee kuelekea kwako akifuata mahali ambapo gari lingepita. Wewe tazama mbele, ukitumia kioo peke yake, na utamke anapotoweka kwenye kioo. Aendelee kutembea hadi umwone kwa pembe ya jicho bila kugeuza kichwa. Sehemu iliyo kati ya pointi hizo mbili ndiyo ambayo kioo chako hakitakuonyesha kamwe, na ikiwa inatosha kuificha pikipiki, geuza kioo nje kidogo na urudie. Haitaisha kabisa, ndiyo sababu shingo bado ina kazi.

Hatua ya tano: fahamu indiketa inaweza nini

Mkataba wa Vienna kuhusu Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1968 unamtaka dereva anayebadili mwelekeo atoe ishara wazi na mapema kwa indiketa, au kwa mkono pale ambapo hana indiketa, na mkono ndio umekuwa ishara ya kawaida ya waendesha baiskeli. Ujerumani, ambayo hapo awali iliruhusu indiketa kwenye baiskeli za magurudumu matatu au zaidi tu, au zile zenye bodi inayouficha mkono wa mwendeshaji, iliziruhusu kwa baiskeli zote mwaka 2024. Sheria za nchi mbalimbali hutofautiana kuhusu rangi, mahali na hata ruhusa yenyewe, kwa hiyo isome ya kwako kabla ya kununua, na usidhani kwamba indiketa imekuondolea wajibu wa kutoa mkono.

Indiketa ina thamani yake kubwa zaidi pale ambapo mkono haupaswi kuondoka kwenye usukani: barabarani penye utelezi, kwenye mashimo, unapofunga breki kwenye mteremko, unapobeba mtoto au mzigo mzito, na usiku ambapo mkono uliovikwa shati jeusi hauonekani. Mwenye baiskeli ya mizigo au ya umeme atafaidika nayo kuliko anayeendesha mchana katika mitaa tulivu.

Rangi ya kuchagua ni ya chungwa. Ziko indiketa za nyuma zinazomulika kwa rangi nyekundu, na sizishauri hata kidogo, kwa sababu taa nyingi za nyuma za baiskeli humulika nyekundu kwa kuwaka na kuzima, na dereva ataidhani kuwa mojawapo ya hizo tu. Mwendo wa kuwaka na kuzima uwe kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, kama ilivyo kwa magari, maana huo ndio macho ya madereva yaliouzoea. Taa inayopepesa haraka mno inasomeka kama taa ya kujipamba.

Hatua ya sita: nafasi kati ya taa ya kushoto na ya kulia

Kama kuna sehemu ya mwongozo huu ambayo ningependa isomwe mara mbili, ni hii. Gari ni pana, kwa hiyo taa ya kushoto na ya kulia zinatofautishwa kirahisi. Baiskeli ni nyembamba. Kifaa kimoja chenye mishale miwili, kinachofungwa kwenye nguzo ya kiti, kina taa zilizoachana kwa sentimita saba au kumi. Mchana, dereva aliye karibu anaweza kuusoma mshale. Usiku, mng'ao wa taa yenyewe huufuta mshale na kuugeuza kuwa doa la mwanga, na kama katikati kuna taa nyekundu kali, dereva aliye mita 50 nyuma anaona kitu kinachomulika bila kujua unakata kona upande gani. Ishara isiyosomeka upande wake inamwalika dereva akisie.

Taa zinazochomekwa mwishoni mwa usukani ulionyooka kwa kawaida zimeachana kwa sentimita 55 hadi 70, yaani mara tano au zaidi ya zile za kwenye kiti, na taa moja inaweza kuonekana mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Kwenye usukani uliopindwa, miisho ya bomba hutazama nyuma, jambo linalozifanya zionekane vizuri zaidi kutoka huko. Tatizo ni kwamba nafasi hiyohiyo ndiyo inayotakiwa na kioo. Wapo watengenezaji wanaounganisha kioo na taa katika kifaa kimoja. Kama kioo chake kinafaulu majaribio ya hatua ya tatu, ni suluhisho zuri, lakini usikubali kioo kibaya kwa sababu ya taa nzuri. Vinginevyo, weka taa mwishoni mwa usukani na kioo cha kubana juu yake, au kioo cha kwenye helmeti.

Mwenye keria anaweza kufunga taa mbili ndogo kwenye kingo zake za nje, au juu ya kipande cha alumini kilichofungwa kwa upana chini yake, akizitenga kwa sentimita 25 au zaidi, na hakikisha tu kwamba mifuko ya pembeni haizizibi. Helmeti zenye indiketa zina faida ya urefu, kwa kuwa huonekana juu ya magari madogo, lakini taa zake ziko karibu karibu na hugeuka pamoja na kichwa. Nazichukulia kuwa nyongeza.

Hatua ya saba: nishati, swichi na maji

Taa ndogo za mwishoni mwa usukani nyingi hutumia betri bapa ya CR2032 yenye volti 3 na uwezo wa takriban miliampia-saa 220. Betri hiyo haiwezi kutoa mkondo mkubwa, kwa hiyo taa inayoitegemea haitashindana na jua la mchana, hata pakiti iseme nini. Taa zenye betri ya kuchajiwa huwa angavu zaidi; tazama kama tundu la kuchajia lina kifuniko cha mpira kinachokaa imara, na kama betri inaweza kubadilishwa itakapochoka.

Dainamo ya kwenye ekseli ya gurudumu, ambayo kwa kawaida hutoa volti 6 na wati 3, haifai kuziendesha indiketa peke yake, kwa sababu huacha kutoa umeme baiskeli inaposimama, na kusimama ukingoja kukata kona ndio wakati indiketa inapohitajika. Lazima iwe na kihifadhi umeme. Kwenye baiskeli ya umeme mambo ni kinyume: umeme upo wa kutosha, ila betri ya volti 36 hufika volti 42 ikijaa, na ya volti 48 hufika karibu volti 55, hivyo taa za pikipiki za volti 12 zitaungua zikiungwa moja kwa moja. Weka kibadilisha volti kinachohimili kiwango hicho cha juu, pamoja na fyuzi. Tumia flasha, yaani kifaa kinachozifanya taa ziwake na kuzima, ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa taa za LED, kwa kuwa flasha za zamani hutegemea mkondo mkubwa wa balbu, na LED huzifanya ziwake na kuzima haraka mno au zisifanye kazi kabisa.

Swichi ifikiwe na kidole gumba bila kiganja kuachia usukani, na iwe na umbo linalotambulika kwa kugusa, hata kwa glavu. Lazima ikujulishe kwamba indiketa inawaka, kwa mlio au kwa kitaa kidogo kilicho mbele ya macho, kwa sababu hutaziona taa za nyuma na indiketa iliyosahauliwa inadanganya barabara nzima. Zile zinazojizima zenyewe baada ya sekunde chache zinavutia, lakini hujizima pia ukiwa unangoja katikati ya makutano; chagua yenye muda mrefu au ya kuzimwa kwa mkono. Kama swichi haina waya, kumbuka kwamba nayo ina betri yake, na uliza itakufahamishaje inapokaribia kuisha. Mimi huona waya kuwa wa kuaminika zaidi pale ambapo unaweza kufungwa vizuri kwenye fremu.

Kuhusu maji, tafuta alama ya IPX4 kama kiwango cha chini, kinachohimili mirushio kutoka kila upande. IPX5 na IPX6 huhimili maji yanayopigwa kwa mkondo, na zinafaa kwa taa ya nyuma inayorushiwa matope na gurudumu.

Hatua ya nane: jaribu kabla ya kuiamini

Simamisha baiskeli mahali salama, pakia mzigo wa kawaida, vaa koti lako, na umwombe mwenzako asimame mita 50 nyuma. Washa kushoto au kulia bila mpangilio, naye aseme anachokiona mara moja, bila kufikiri. Fanya hivyo jua likiwa kali nyuma yenu, kisha urudie usiku taa nyekundu ya nyuma ikiwa imewaka. Akikosea hata mara chache, ongeza nafasi kati ya taa au punguza ukali wa taa nyekundu, ama uihamishe juu au chini zaidi. Mwenzako asogee pia pembeni, kwa nyuzi 45, kwa sababu dereva aliye kwenye barabara ya kando hakutazami kutoka nyuma moja kwa moja. Badilishaneni nafasi ujionee mwenyewe.

Barabarani, tazama kioo kwanza na ukadirie mwendo wa aliye nyuma kwa kumtazama mara mbili, kwa sababu mtazamo mmoja unaonyesha alipo na wa pili unaonyesha anavyokaribia. Washa indiketa angalau sekunde tatu kabla ya kuhama, ili iwake mara tatu hadi sita mbele ya macho ya dereva, na uongeze mkono pale barabara inaporuhusu. Geuza kichwa mara moja kulihakikisha lile eneo ambalo kioo hakioni, kisha uhame. Indiketa inatoa taarifa na haimlazimishi mtu kukupisha. Dereva asipopunguza mwendo, baki ulipo na ungoje nafasi nyingine.

Kila wiki kaza skrubu za kioo na taa, futa vumbi kwa maji kabla ya kitambaa ili usikwaruze, na washa indiketa zote mbili ukiwa umesimama nyuma ya baiskeli. Baiskeli ikianguka, kagua mkono wa kioo kama una ufa, na uurekebishe mwelekeo ukiwa umekaa kitini kabla hujaondoka hapo, kwa kuwa kioo kilichogeuka kwa nyuzi tano tu huwa kinatazama mahali ambapo hakuna gari.